Maneno Niliyoyasema kwa Sauti ya Mama Leokadia

Editha mwanangu,

Umeondoka sasa hivi kwenda Kizwite kumuaga shangazi yako, na mimi najua huyo shangazi siku hizi ana ndevu na pikipiki. Nenda. Sikuulizi. Umeniachia saa tatu nne za kukaa peke yangu mezani na nazihitaji zote, maana barua hii nimeianza mara nyingi tangu upangiwe kituo, na kila mara nimeishia kuichana na kuiwashia moto jikoni.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kuficha simu ukiwa safarini, sitayaandika. Nimeyasema mpaka umeanza kuniitikia "ndiyo mama" kabla sijafunga mdomo. Una cheti chako cha ualimu, una akili zako, na joto la bondeni litakufundisha lenyewe kwamba yale masweta ungeyaacha hapa Pito. Ninachotaka kukuandikia ni jambo moja tu, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujainuka kwenye kiti.

Unaijua hadithi ya yule mama muuza pombe. Nilikusimulia mara ya kwanza ukiwa darasa la pili. Kwamba nilikuwa mwalimu wa Kiingereza kule bondeni, kwamba mwanamume mmoja alikufa baada ya kunywa kwa yule mama, kwamba watu walimgeuka wakasema amemroga, na kwamba mimi, na wewe ukiwa mgongoni, nilisimama mbele ya umati mzima nikasema msimguse. Wakanisukuma, wakamuua. Uliipenda hadithi ile. Uliiandikia insha ukapata alama za juu. Na ulipojaza maombi ya kazi ukachagua wilaya ile ile, ukaniambia, "Mama, nataka nikafundishe pale ulipompigania mtu." Nilikuwa nachambua maharage. Nikaendelea kuchambua, wala sikuinua kichwa.

Editha, sikumpigania mtu. Yule mama aliuawa kwa maneno yangu mimi.

Haya, nimeandika. Sasa nikueleze ilivyokuwa, na nitakueleza yote, hata yale ya kunivua nguo.

Nilikuwa mwalimu mkali. Sisemi mkali kama mnavyosema ninyi vijana, mwalimu anayekunja uso. Nilikuwa na fimbo tatu, moja ya mkononi, moja ya makalio, na moja nyembamba ya nyuma ya miguu, na wanafunzi walizijua kwa majina. Nimewahi kumpiga mvulana wa kidato cha pili mpaka akajikojolea, kisha nikampiga tena kwa kuchafua sakafu. Nilijiambia nafundisha. Usiku nililala vizuri kabisa.

Mada niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya usemi halisi na usemi wa taarifa. Walimu wengi huikimbia, maana ina mambo mengi ya kubadilisha, leo inageuka siku ile, hapa panageuka pale, mimi anageuka yeye. Mimi niliigeuza mchezo. Nilikuwa na kipaji cha kuiga watu. Nikisema maneno ya mkuu wa shule, nilitoa tumbo mbele na kukohoa kama yeye. Nikisema ya padri, nilifumba macho. Darasa lilikuwa linavunjika mbavu. Kisha naandika ubaoni, nafungua semi, nafunga semi, na nawaambia: ukiweka hizi alama umekula kiapo kwamba ulikuwepo, ulisikia, na hivi ndivyo alivyosema mwenyewe. Kama hukuwepo, usizithubutu. Wanafunzi waliniita Madamu Alisema, nami nilijifanya sijui huku nikifurahi moyoni.

Katika kidato cha tatu kulikuwa na msichana mmoja, Leokadia. Mrefu, mweusi, mkimya, kichwa kizuri mno. Mama yake ndiye aliyekuwa muuza pombe. Alipika kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, wakanywa kwa mirija watu sita saba kuzunguka chungu kimoja, na kilabu chake kilikuwa nyuma ya uwanja wa shule. Nilikichukia kilabu kile na ngoma zake za Jumamosi. Niliwachukia wavulana wangu waliokuja Jumatatu wakinuka. Na nitakuambia ukweli, nilimchukia yule mama kwa sababu alikuwa hanisujudii. Wazazi wengine walinipa shikamoo hata walionizidi umri, kwa sababu mimi ni mwalimu. Yeye aliniambia, "Habari za kazi, mwalimu," akapita zake na kuni kichwani.

Wiki moja kabla ya balaa, nilikosea ubaoni. Nilikuwa nageuza sentensi kuwa ya taarifa nikaliacha neno la kesho vilevile, halafu nikageuka kufuta mikono. Leokadia akanyoosha kidole. Akasema kwa adabu kabisa, "Nadhani madamu umesahau kubadilisha kesho." Mtu mmoja nyuma akacheka. Mungu wangu, Editha, kile kicheko! Nilimwita mbele. Nikampiga sita za mkononi, nikahesabu kwa sauti kwa Kiingereza, na ya sita ikapasua ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Hakulia. Nikamwongeza mbili kwa kutolia.

Kesho yake mama yake akaja shuleni. Aliingia chumba cha walimu bila kubisha, mikono imejaa machicha ya ulezi, mkono mmoja kiunoni. Akaniambia mbele ya wenzangu wote: "Mwalimu, mtoto akisema kweli ndiyo unamchana mkono? Sasa huyo akisema uongo utamfanyaje?" Wenzangu wakaangalia madaftari. Nikamwambia atoke, hapa si kilabuni. Akatoka taratibu, wala hakugeuka nyuma. Sauti yake ilinibaki masikioni wiki nzima. Ilikuwa na mkwaruzo, na alivuta maneno kama wafanyavyo mama zetu wanaoongea Kifipa tangu asubuhi hadi jioni. Nilijikuta naiiga nikikuogesha, nawe ukicheka kwenye beseni.

Halafu Fusto akafa.

Fusto alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu wa watu, hana mke, ndugu zake wako kitongoji cha pili. Alikunywa kimpumu mchana kutwa kwa Mama Leokadia, akaenda kulala, asubuhi wakamkuta amekakamaa na povu mdomoni. Kufikia saa mbili kijiji kizima kilishajua ni nani aliyemuua. Saa nne mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano uwanjani, kwa nia njema, nadhani, ili watu waseme yaishe. Masomo yakasimama. Nilikwenda na wanafunzi wangu, nimekubeba mgongoni kwa kitenge, ulikuwa na mwaka mmoja na nusu.

Njiani jirani yangu, Mama Jeni, akanisogelea akaninong'oneza. Alisema wifi yake amesikia bombani kwamba Mama Leokadia alimwambia Fusto hatamaliza wiki. Ndivyo nilivyoyapata. Wifi alisikia bombani, Mama Jeni akasikia kwa wifi, mimi nikasikia kwa Mama Jeni tukiruka mtaro. Angekuwa mwanafunzi wangu ndiye ameniletea habari ya namna hiyo ndani ya alama za kunukuu, ningemtandika.

Mama Leokadia aliwekwa katikati. Hakuwa analia. Alijitetea vizuri, na nataka ujue hili: alikuwa anashinda. Alisema, "Pombe yangu naionja mwenyewe kwanza, mbele ya watu, kama ilivyo desturi. Chungu alichonyonya Fusto ni kimoja. Mirija ilikuwa saba. Hao wengine sita si hawa hapa? Mbona wanapumua?" Na kweli, wale sita walikuwepo, mmoja bado macho mekundu. Watu wakaanza kuguna. Mtu mmoja akasema, "Hapo ana neno." Nilimwona mtendaji anakunja daftari lake.

Kaka yake Fusto ndiye aliyekataa. Jitu la miraba minne, limelia mpaka uso umevimba. Akasema, "Sumu si lazima iwe chunguni, kuna watu ulimi wao ni sumu, huyu mwanamke alimtamkia ndugu yangu kifo." Mtendaji akauliza kwa sauti kubwa: "Nani alimsikia? Namtaka mtu aliyemsikia kwa masikio yake." Nikamtazama Mama Jeni. Akainama akajifanya anafunga kandambili. Wifi yake simwoni. Mkutano ulikuwa unakwisha, Editha. Watu wa nyuma walishaanza kuondoka.

Nikasimama. Sikusukumwa na mtu. Nilisimama kwa sababu waoga wananiudhi, na kwa sababu mwanamke yule alikuwa anaelekea kutoka pale ameshinda, na kwa sababu uwanja mzima ungenitazama. Nilisema, "Mimi nitawaambia." Nikaweka mkono mmoja kiunoni. Nikatoa ule mkwaruzo, nikavuta maneno vilevile kama yeye: "Fusto, wewe hu-ma-li-zi wi-ki hii!"

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka kwanza, maana nilimpatia barabara. Na wewe mgongoni ulicheka, uliijua sauti ile ya kwenye beseni. Nilihisi kifua chako kikicheka mgongoni mwangu.

Kisha kicheko kikakatika. Walikuwa wamemsikia yeye, si mimi. Nilivyompatia vile, nani angeuliza tena mwalimu ameyatoa wapi? Kaka yake Fusto akapaza sauti, "Si mmesikia? Si mmemsikia?"

Leokadia akatoka kwenye mstari wa wanafunzi. Alikuwa bado amefunga kitambaa kwenye kile kidonda cha mkono. Akasimama mbele yangu, karibu kabisa, akaniuliza kwa sauti ya darasani, polepole, kwa heshima: "Madamu, ulimsikia wewe mwenyewe?"

Muda ulikuwepo. Nimepima muda ule maisha yangu yote na nakuapia ulikuwepo. Hakuna aliyekuwa ameokota jiwe. Mtendaji alikuwa ananitazama anasubiri. Neno moja tu, hapana, lingetosha, nami ningeaibika siku mbili tatu na watu wangesahau. Nilimwambia, "Leokadia, kaa chini."

Akakaa. Akakaa chini mavumbini pale pale, miguu ameikunja. Nilikuwa nimempiga miaka mitatu ili nikisema kaa chini akae, na siku ile mama yake alipohitaji mtoto wa kumsemea, mtoto alikaa.

La kwanza lilikuwa pande la tofali. Lilimpata Mama Leokadia shavuni na meno yakatoka, niliyaona. Halafu kaka yake Fusto alimpiga mpini wa jembe nyuma ya magoti, akaanguka, na baada ya hapo sikuona tena nani anapiga, waliokuwa wanapiga walikuwa wengi mno. Wanaume wale wale waliokunywa kwenye mirija yake. Wanawake walileta mawe kwenye vitenge. Mmoja wa wale sita alimkanyaga shingoni. Alipata nafasi ya kuinua uso mara moja, jicho moja limefumba, akanitafuta mpaka akaniona, akasema, "Mwalimu, waambie hukunisikia." Hayo ni maneno yake. Hayo niliyasikia mwenyewe, kwa masikio yangu haya mawili, na hayo ndiyo ambayo sijawahi kumsimulia mtu.

Nikakimbia. Nilikimbia nikajifungia nawe ndani ya nyumba ya mwalimu, nikasukuma kabati mlangoni. Ulilia ukitaka kunyonya. Dirishani nilisikia wanavunja vyungu vyake kimoja kimoja, kisha harufu ya nyasi za paa zikiungua. Kisha mtu mmoja anacheka. Kisha Leokadia. Sauti ile ya Leokadia siwezi kuiandika, na mimi ni mtu ninayejua kuiga sauti zote.

Ukweli wa maneno ya bombani niliupata baada ya siku nne, kwa mmoja wa walevi wenyewe, akilia kama mtoto. Alikuwepo Mama Leokadia alipoyasema. Alisema yule mama alimletea Fusto sahani ya ugali na dagaa bila kuombwa, akamwambia: "Kula kwanza, Fusto. Ukinywa hivi na tumbo tupu hutamaliza wiki, na hapa huna mke, nani atakuosha?" Alikuwa anamgombeza mtu anayempenda. Fusto alicheka, akala. Na ndugu zake walikuja kukiri baadaye kwamba marehemu alikuwa na kifafa tangu utotoni na walikuwa wanaficha.

Polisi walipokuja kuchukua maelezo walinianza mimi, kwa sababu mimi ni msomi. Kijana mpelelezi akafungua faili. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia ilisemekana marehemu aliwahi kutamkiwa maneno, na kwamba wananchi wenye hasira kali wakajichukulia sheria mkononi. Ilisemekana! Mbele ya watu nilikula kiapo kwa maneno nisiyoyasikia. Mbele ya askari, jambo nililolifanya kwa mdomo wangu mwenyewe nikalisema kama nimelisoma gazetini. Akaandika, nikatia saini. Mtendaji naye hakunitaja, alikuwa na hofu zake. Kaka yake Fusto na wenzake wawili walifungwa. Mimi nilihamishwa kuletwa huku juu, nikapewa na nyumba yenye bati jipya.

Baba yako, Mungu amrehemu, nilimwambia. Kisha akasema, "Rudi ukaseme." Sikurudi. Hakunirudia tena neno hilo, lakini hakuwahi tena kucheka nilipoiga watu, nami nikaacha kuiga.

Halafu ukaanza kuuliza kwa nini tuliondoka bondeni. Mara ya kwanza nilisema ni malaria. Mara ya pili nilisema kulikuwa na ugomvi. Mara ya tatu nikajikuta nasema nilisimama nikawazuia, na macho yako yakang'aa, na mimi, kenge mkubwa mimi, nikaona raha. Nikaiongezea hadithi kila mwaka. Lile la kuanguka magoti waliponisukuma niliongeza ukiwa darasa la sita.

Kuna jingine lazima ulisikie. Ile alama iliyo juu ya nyusi yako ya kushoto, unayowaambia watu ulianguka. Hukuanguka. Ulikuwa na miaka minane. Ulikwenda kwa jirani ukamwambia, "Mama amesema hataki kukuona tena kwetu." Mimi nilikuwa nimesema nimechoka na wageni, basi. Jirani akaja kuniuliza, nami nikakugeukia. Nilikupiga mwiko ukavunjika. Nikakupiga na mikono. Nikakusukuma na kona ya mlango ikakupata, damu ikaingia jichoni, na bado nilikuwa napiga kelele, "Nilisema lini? Ulinisikia wapi?" Mtoto wa miaka minane. Baba yako alinishika kwa nyuma akaninyanyua. Sikuwa nakupiga wewe, lakini ngozi iliyochanika ilikuwa yako, na sitakuomba unielewe. Naomba msamaha. Nilipaswa kuuomba siku ile ile, nikakununulia viatu badala yake.

Sikuandikii haya ili uache kufundisha ile mada. Ifundishe. Wanafunzi wako wataipenda, una ulimi mwepesi kama wangu, nimekusikia ukimuiga padri wetu mkiwa jikoni na mdogo wako Beatus, na nilicheka kisha nikatoka nje. Utakapokuwa darasani na mtoto akakunyooshea kidole kwamba umekosea, utasikia kitu cha moto kinapanda hapa kifuani. Kitapanda, usijidanganye, kimo kwenye damu yetu. Mimi nilidhani ni heshima yangu inadai haki yake. Weka chaki chini, mwambie asante, futa ubao. Sina jingine la kukufundisha kuhusu ualimu na nilifanya kazi hiyo miaka thelathini.

Sasa sababu ya kuandika leo na si siku nyingine.

Jumanne uliniletea simu jikoni ukanisomea ujumbe kutoka shuleni kwako kupya. Makamu mkuu wa shule amekukaribisha, amesema amekutafutia chumba, ana mtungi wa maji wa akiba. Ukasema, "Mama, anaonekana ana roho nzuri, na ni mwalimu wa Kiingereza kama sisi." Kisha ukasoma jina, Mwalimu Leokadia, na ubini wake. Ukaniuliza mbona machozi, nikasema moshi.

Ni yeye. Nilipiga simu kwa mwalimu mmoja wa zamani nikahakikisha. Alisomeshwa na masista, akarudi pale pale, anafundisha mita chache kutoka kilipokuwa kilabu cha mama yake. Wewe hakujui, unatumia jina la baba yako. Na mimi nakujua wewe, Editha. Huwezi kukaa na jambo zuri tumboni. Wiki ya kwanza, mkiwa mnakunywa chai kwenye chumba cha walimu, ungemsogelea yule mwanamke ukamwambia kwa fahari, mama yangu ndiye aliyesimama kumtetea yule mama wa pombe. Ungemwambia yeye! Na angekutazama tu. Ungesimama pale na kikombe mkononi, hujui kwa nini chumba kimenyamaza, na mzigo wangu ungekuwa umekuangukia wewe kichwani bila kosa lolote.

Nilifikiria kukuambia tu unyamaze. Nilifikiria kukupa barua nyingine, ya kwake, ukampe. Thubutu! Nikutume wewe ukaseme mama amesema? Hapana. Maneno haya hayabebwi na mtu.

Kwa hiyo nimekata tiketi mbili. Yako kiti cha mbele karibu na dirisha, yangu nyuma kabisa, ili usilazimike kuzungumza nami tukiteremka mlima kama hutaki. Ukishasoma, una haki ya kunikataa. Ukitaka nisipande basi moja na wewe, nitapanda la keshokutwa. Lakini bondeni nitafika, Editha, hilo huwezi kulizuia, wala magoti yangu hayawezi. Nimeshamwambia Beatus alishe kuku.

Nikifika sitaomba kuzungumza naye pembeni. Alichofanyiwa kilifanyika mbele ya watu. Nitasimama mbele ya walimu wenzake, na wanafunzi wakiwepo wawepo, nimwite kwa jina lake, nimwambie kwa sauti yangu hii ya kizee: "Leokadia, uliniuliza kama nilimsikia mama yako. Sikumsikia. Nilijua kwamba sikumsikia wakati ule ule uliponiuliza." Kisha nitakwenda kituoni kwa polisi kusema hivyo hivyo, wafanye wanavyoona.

Sijui atafanya nini. Anaweza kunifukuza, anaweza kuita ndugu zake, anaweza asijibu kitu. Wewe ukiwepo, usinitetee. Usiseme huyu ni mama yangu, usiseme amezeeka. Na akinyanyua mkono kunipiga, mwanangu, simama mbali, usimshike.

Mama yako